Unaishi Nairobi na unataka kufanya triathloni ndefu ya milima? Soma hii kabla hujalipia

Mtu akinipigia kuniuliza mambo ya triathloni ndefu huwa anaanza na baiskeli, ninunue gani, ya kaboni ama ya aluminiamu, na mi humjibu na swali langu, mara ya mwisho umepanda kutoka Ruaka mpaka Limuru huku unapiga stori ilikuwa lini? Wengi hucheka wakidhani naleta mzaha. Sina mzaha wowote, hapo ndipo mimi nilifelia.

Kwa wale wapya kabisa, umbali mrefu ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, alafu unavua helmeti na kukimbia marathoni nzima, 42.2, siku hiyo hiyo, na kwingi unapewa saa 16 ama 17 kumaliza. Hiyo ya kawaida. Ya milima ni kitu kingine. Nice kule Ufaransa, pale wanaume waliposhindania ubingwa wa dunia 2023, kwenye baiskeli unapanda jumla ya mita kama 2,400. Embrun, hukohuko Ufaransa, wanafanya kila Agosti 15, unavuka Col d'Izoard ambayo iko mita 2,360 na ukijumlisha vilima vyote unakaribia mita 5,000. Point Lenana kwenye Mlima Kenya ni mita 4,985. Yaani ni kama utoe baiskeli baharini Mombasa uipandishe mpaka Lenana, alafu mtu akwambie sawa, sasa anza marathoni. Tafadhali usianze na hiyo. Mi nina mbili za umbali mzima na nusu kadhaa, na Embrun bado naiangalia tu kwa picha.

Sasa ya kwanza yangu. Ilikuwa Ulaya, jina sitaji, na kosa lilikuwa langu si lao. Nilitoka majini nikiwa kati ya wa nyuma, hilo nililitarajia, tukaanza kupanda mlima wa kwanza karibu kilomita 15 hivi na nikaanza kupita watu. Nikapita mmoja, nikapita kumi, nikaacha kuhesabu. Pumzi iko tele, moyo umetulia, na kwa begani nina bendera ndogo ya Kenya, kila ninayempita ananiangalia kama ati bado mbio yenyewe huyu atatuonyesha nini. Nikavimba kichwa bana. Kilomita 24 za ile marathoni, misuli ya mbele ya mapaja ilikauka kama ubao, nikatembea, na mama mmoja wa miaka kama sitini, ambaye nilimpita kule mlimani kama nafukuzwa na nyuki, akanipita akikimbia polepole akanipigapiga mgongo. Hakusema kitu. Hiyo ya mgongo ndiyo iliniuma.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotendeka, na hapa ndipo nataka usikize kwa makini kwa sababu ni shida ya watu wa Nairobi hasa. Sisi tunaishi juu, mji wenyewe uko kama mita 1,700 na zaidi, Limuru unapita 2,200. Hapa kinachokufunga breki ni pumzi. Ukisukuma sana Tigoni utaanza kuhema mapema kabla miguu haijachoka, kwa hivyo mwili umezoea kutii mapafu. Ukienda kushindana chini karibu na bahari, hewa ni nzito, ile breki inatoka. Unasukuma zaidi ya ulivyozoea na huhisi chochote, alafu miguu inakuletea bili saa sita baadaye. Hatuna tofauti na mtu aliyezoea kuendesha gari bovu lisilopita 80, siku akipewa zuri anajikuta 140 bila kujua.

Kwa hivyo dawa yangu iko mara mbili. Ukiwa mazoezini hapa, tumia mdomo. Pale juu ya Banana ukielekea Tigoni kuna kina mama wanachoma mahindi kando ya barabara, ukifika kwao sema sentensi nzima, "Sasa mum, hiyo ya kwanza ni pesa ngapi na ile kubwa je?" Kama umekatika kabla ya "kubwa", unaenda haraka kuliko utakavyoweza kwa saa saba, punguza gia. (Mmoja wao sa hivi ananijua, akiniona anajibu kabla sijauliza, na siku nyingine nanunua, si lazima uwe mtawa.) Ukifika kule chini, hapo mdomo utakudanganya, utaongea mpaka hadithi nzima na bado unajiua. Hapo ndipo kile kifaa cha kupima wati, yaani nguvu unayosukuma nayo pedali, kina maana. Kama unacho, chukua zile wati ulizokuwa ukipanda nazo hapa nyumbani ukiongea na usiongeze hata kidogo mlimani, hata kama zinaonekana ni za mtoto. Huna? Mimi pia sikuwa nacho, tumia saa ya kupima moyo, na kama hiyo pia huna basi sheria ni moja, kwa saa mbili za kwanza kila mtu akupite. Kila mtu. Wale wenye matumbo kama yangu pia.

Gia. Hapa pesa kidogo inaokoa mengi kuliko magurudumu ya laki mbili. Baiskeli yangu ya kwanza ya mitumba nilinunua ikiwa na meno 39 mbele na 25 nyuma kama ndiyo gia nyepesi zaidi, nikaipeleka kwa fundi mmoja huku Eastlands anitazamie, akazungusha pedali mara mbili akaniambia, "Boss, hii ni baiskeli ya Mombasa." Nikadhani anataka tu kuniuzia vitu. Fanya hesabu basi. Mlima ukikubana mpaka kilomita 10 kwa saa, na 39 kwa 25 unazungusha pedali kama mara 50 kwa dakika, kila zungusho ni kama kubeba gunia. Weka 34 mbele na 34 nyuma, mwendo ule ule unazungusha karibu mara 80, laini, miguu inabaki na kitu cha kukimbilia. Mlima ni ule ule, kasi ni ile ile, tofauti ni nani analipa, misuli ama mapafu, na mapafu mtu wa Nairobi anayo. Siku hizi naenda na 34 kwa 34 na watu wananicheka nikiwa chini ya mlima. Lakini uliza fundi kwanza kama ile mkono ya nyuma ya kubadilisha gia inaweza kumeza kaseti (yale meno yote ya nyuma) kubwa hivyo, zingine hazifiki, utanunua vitu mara mbili.

Chakula ndiyo mtihani ambao watu wetu hufeli wakiwa na miguu mizuri kabisa. Unahitaji kama gramu 60 za wanga kila saa kwa baiskeli, waliozoeza tumbo wanafika 90, na tumbo ni kama mguu, linafunzwa. Jeli moja, ile pakiti ndogo ya wanga ya kufyonza, huwa na kama gramu 25, na bei zake hapa ni za kuumiza roho, hebu hesabu saa saba. Mi mazoezini situmii jeli. Sukari ya kawaida ya dukani nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi, na hivyo viwili vikienda pamoja tumbo linapitisha zaidi kuliko kimoja peke yake, kwa hivyo vijiko vitano vya mezani kwa chupa, chumvi nusu kijiko cha chai, kamulia ndimu, hiyo ni karibu gramu 60 na imekugharimu shilingi chache. Ndizi moja kubwa, gramu 25 na kitu. Viazi vitamu vya kuchemsha navyo naviweka mfukoni nyuma vimekatwa vipande, vikishaanza kupondeka unajua umefika Limuru. Lakini siku ya mashindano kula kile ambacho tumbo linakijua, kama ni jeli basi zile jumapili za mwisho nane fanya na jeli hizo hizo. Na kula kabla mlima haujaanza ama ukishafika juu, ukijaribu kutafuna huku unahema utapaliwa, na ukiahirisha "nitakula huko juu" mara tatu mfululizo umeshajimaliza.

Kushuka sasa. Watu wanafanya mazoezi ya kupanda tu, alafu kwa mashindano wanashika breki kilomita 20 mfululizo mpaka vidole vinakufa ganzi. Huku kwetu shida si milima, shida ni malori. Ule mteremko wa Rironi kwenda Mai Mahiu, barabara ya zamani ile waliyojenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, ni mzuri kwa macho na sikushauri ushuke na baiskeli ukiwa mgeni, nyembamba, malori yanashuka na breki zinanuka, bega la barabara hakuna. Nilishuka mara moja nikiwa na wenzangu watatu, tulipofika lile kanisa dogo la Waitaliano tukasimama na hakuna aliyetaka kuongea kwa dakika kadhaa. Sijarudi. Kona nazijifunzia Tigoni kwenye majani chai Jumapili alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla matatu hazijaamka vizuri. Mikono chini kwa usukani, breki unashika kabla ya kona si ndani ya kona, mguu wa nje uko chini umeukanyagia, macho yanaangalia unapotaka kutokea na si lile shimo. Ukiangalia shimo utaingia shimo. Na ukungu wa Julai pale unalowesha lami kama mvua, siku hiyo geuza uende zako nyumbani unywe chai.

Joto nalo usilisahau, mashindano mengi ya kule ni kiangazi chao. Barabara ya Magadi inatosha. Pita Kiserian, Kona Baridi, teremka mpaka Olepolos ama mbele kidogo, alafu rudi juu mchana jua likiwaka. Kule kurudi ndiyo darasa lenyewe, hakuna kivuli, beba maji ya kutosha na mwambie mtu uko wapi. Mara ya kwanza nilibeba chupa mbili, nikaishia kununua soda ya moto kwa kibanda na kuinywa kama dawa.

Kukimbia, nitasema moja tu. Kushuka ndiko kunaua mapaja, kwa sababu misuli inafanya kazi ya breki huku inavutwa, na hiyo haizoezwi na kilomita za tambarare za Karura hata ukimaliza msitu wote. Ngong Hills, nenda na kikundi na mwende mapema, mpande mkitembea haraka, mshuke mkikimbia hatua fupi fupi. Mara ya kwanza Jumatatu yake nilishuka ngazi za ofisi nikiwa nimegeuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta, askari wa getini akaniuliza kama niliporwa. Mara ya tatu haikuuma tena. Kila siku kumi hivi inatosha, usifanye kila wiki, na ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya mashindano.

Kuogelea wala sina mengi, mi mwenyewe huzama kama chuma. Mita 3,800 ni urefu mara 152 kwa bwawa la mita 25, na Julai maji ya hapa ni baridi ya kutoa machozi, lakini bwawa halikufunzi kuinua kichwa kutafuta boya. Naivasha kuna viboko, usifikirie hata. Panda treni ya SGR mpaka Mombasa angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe, uingie baharini na mtu anayejua mikondo, uone chumvi inavyokuelesha na inavyokauka mdomoni.

Na safari. Baiskeli inaingia kwa boksi, na kuna kile kichuma kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kwa fremu, mafundi wanakiita henga, kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe badala ya fremu. Watu wa mizigo wakilirusha boksi kinapinda, gia zinaanza kuruka, na kila fremu ina henga ya umbo lake, huwezi azima ya jirani. Yangu ilipinda safari ya pili, nilizunguka mji mzima ambao sijui lugha yake nikiwa nimeshika kile kichuma mkononi kama mtu anayetafuta mwenye ufunguo, nikaipata duka la tano, saa moja kabla wafunge. Agiza mbili ukiwa bado Nairobi, moja ikae kwa boksi na nyingine kwa begi la mkononi, na uitoe ile ya kwenye fremu kabla ya kufunga boksi.