Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Ngama na Rangi ya Chini

*Nina boti ya faiba ya dizeli hapa Tudor, Mombasa. Nikiwasha pampu ya ngama, pale chini ya boti maji yanapojikusanya, maji hutoka na utando wa mafuta. Mwenzangu asema nitie sabuni kwanza. Ni sawa? — Nahodha, Tudor*

Usitie sabuni, nahodha. Sabuni huyakata mafuta vipande vidogo, yakachanganyika na maji na kuwafikia samaki wachanga na kaa. Utando hauonekani tena, lakini sasa hakuna awezaye kuyakusanya. Yakiachwa yaelee nayo, huganda kwenye mizizi ya kupumulia ya mikoko, na Tudor mikoko ni yetu sote.

Tafuta chanzo. Pangusa injini ikauke, tandaza karatasi nyeupe chini yake, lala. Asubuhi tone litakuonyesha pa kutazama: klipu ya paipu ya dizeli iliyolegea, sili ya krenki, au filta ya oili. Kwenye filta, kosa la kawaida ni raba kuukuu kubaki imeganda kwenye kiti chake, mpya ikakazwa juu yake.

Huku ukitafuta, chukua sufi kiasi cha ngumi mbili, ifunge ndani ya wavu wa matundu madogo, uiache ielee ngamani, mbali na mdomo wa pampu na swichi yake. Sufi hunywa mafuta na kukataa maji. Tambara hulowa maji kwanza, ndiyo maana halifai. Sufi ikiwa nyeusi na nzito, ibadilishe. Na usipige pampu hadi tone la mwisho: mafuta huelea, kwa hivyo sentimita 3 hadi 5 za maji yanayobaki mwisho ndizo chafu. Zifue kwa upo (kata ya kuchotea maji ya chombo), utie ndooni pamoja na sufi na oili kuukuu, ufunike, umpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

*Injini yangu ya nje ya tu-stroki hutoa moshi mwingi na kuacha utando. — Mvuvi, Likoni*

Pima oili, usikisie. Kama kitabu cha injini chasema 50 kwa 1, petroli lita 25 hutaka oili nusu lita tu. Tangi libebe hadi nchi kavu kulijaza, na usilijaze hadi mdomoni: joto likipanda nyuzi 10, lita 25 za petroli hufura karibu robo lita, na hiyo humwagika.

*Tunakwangua rangi ya chini ya chombo ufukweni, maji yakijaa yanasafisha. Kuna ubaya? — Fundi wa vyombo, Mtongwe*

Upo, fundi. Rangi hiyo nyingi ina shaba, iliyowekwa makusudi kuua kinachotaka kushika kwenye chombo. Mabaki yake huendelea na kazi hiyo mchangani, kwa chaza na viumbe wachanga. Kipandishe chombo wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, hadi juu kabisa; maji yanapoelekea kuwa mafu, yaani kujaa kidogo, kwa siku 7 hivi hayatakifikia. Tandaza turubai linalozidi mbavu kwa mita 2 kila upande. Kwangua rangi ikiwa imelowa, vumbi lisipeperuke na kusi, na uvae barakoa. Kila jioni kunja turubai kuelekea katikati, zoa, funga guniani. Magunia hayo yawekwe pakavu, mbali na mfereji, hadi yachukuliwe.