Umestaafu, sasa nani anakungoja asubuhi?

Maswali yamejaa tena na nusu yake ni lile lile moja, "nimelipwa pesa za kustaafu, nifanye biashara gani?" Nalijibu leo kwa mara ya mwisho, tafadhali msilirudishe.

Nimestaafu Juni baada ya miaka 34 serikalini. Vijana wa mtaa wananiambia ninunue matatu, eti italeta pesa kila siku. Unaonaje? Baba, Umoja

Baba, usinunue. Hujawahi kuwa dereva, hujawahi kuwa makanga, hujui sakko, ule ushirika wa wenye matatu, inakata ngapi wala gari ikishikwa unaongea na nani, na hao vijana wanaokushauri wanajua utahitaji dereva. Kwa pensheni ya serikali unaruhusiwa kuchukua robo mara moja na inayobaki unalipwa kila mwezi, sasa hiyo robo ndio unataka kuiweka barabarani? Mnakumbuka kware wa 2014? Watu walitoa akiba ya maisha wakajaza vizimba, kumbe waliokuwa wananunua mayai na vifaranga kwa bei ya juu ni watu wengine waliotaka kuanza kufuga, hao walipoisha soko likaisha na ndege wakabaki wanataka chakula kila siku. Jirani yangu alipoteza karibu kila kitu na hakuwa mjinga, alikuwa mhasibu miaka mingi. Kilichomponza ni hofu ya kuonekana amekaa bure.

Usiguse hiyo pesa mwaka mzima. Ukiona itakaa bure, bondi za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinaanza shilingi 50,000, na akaunti unafungua Benki Kuu wewe mwenyewe. Halafu huo mwaka utumie kutafuta mahali ambapo usipoonekana siku mbili watu watakupigia simu kuuliza uko wapi, kwa sababu hapo ndipo penye pengo, na matatu haitaliziba.

Niko na miaka 62, pesa za wazee za Inua Jamii nitaanza kupata lini? Mama, Dandora

Ukifika 70, na ni 2,000 kwa mwezi. Kama unalipwa pensheni usizipigie hesabu. Hili nimelijibu mara nyingi mno jamani, mwe mnasoma.

Mzee wangu amestaafu mwezi wa tatu, tangu hapo yuko nyumbani siku nzima. Ananifuata jikoni, anahesabu nyanya, ananiambia vile nakata sukuma sio sawa. Nimechoka na nampenda. Nifanye nini? Mama, Kahawa West

Pole mama, na asante kwa kuandika hayo maneno mawili, "na nampenda". Umesema kwa barua yako alikuwa mtu wa stoo miaka 28. Huyo mtu hakosoi sukuma, anatafuta stoo yake. Kwa miaka 28 kila kitu kilichoingia na kutoka kilipitia kwa kalamu yake, watu walisimama dirishani wakimngoja, leo hakuna anayemngoja na kitu cha kuhesabu kilichobaki ni nyanya zako.

Mimi miezi yangu ya kwanza nilikuwa navaa tai natoka saa moja kama kawaida, naenda kukaa bustani ya Jeevanjee mjini na gazeti mpaka saa kumi jioni, kwa sababu niliona aibu majirani kuniona nyumbani. Hakuna aliyenitayarisha. Nilitayarishiwa fomu tu.

Kwa hivyo mpatie kazi yenye daftari. Kila mtaa uko na kamati ya maji ama ya usalama ambayo vitabu vyake vimevurugika, kanisa liko na viti na sufuria zinazopotea kila harusi, chama chenu kiko na mweka hazina aliyechoka. Usimpangie wewe lakini, mwambie mwenyekiti aje mwenyewe nyumbani amuombe, kuombwa ndio dawa. Na awe ametoka nje kufika saa tatu. Kama anapenda kutembea, watu wa Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, hukutana Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi kwenda kuangalia ndege wa porini. Chunga tu asizoee kupitia baa kila jioni, wengi wameanzia hapo, kidogo kidogo.

Lakini wewe pia nikuulize, mbona hujastaafu? Miaka hiyo yote umepika, sasa mko wawili na jiko ni lenu. Mwachie sukuma siku mbili kwa wiki akate vile anataka.

Nina 63, sikumaliza sekondari. Nimechelewa kurudi shule? Baba, Kayole

Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret 2004 akiwa na miaka 84. Nenda ujisajili, ila usichukue loni ya karo.

Nibaki Nairobi ama nirudi ushago? Bwana, Donholm

Umri wa kustaafu serikalini uliongezwa kutoka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, mmepewa miaka mitano zaidi ya kujipanga na bado mnaniuliza hili wiki ya mwisho ya kazi. Sawa. Usihame moja kwa moja. Nenda ukae miezi mitatu, na iwe ya mvua, usiende Desemba wakati kila mtu yuko nyumbani na kuna nyama. Umelima kwa simu miaka ishirini ukituma pesa ya mbolea, sasa utaona shamba lenyewe na utaona kama kuna mtu wa kuongea naye Jumanne mchana. Wenzako wa kanisa na wa chama wako Donholm, hao ni mali, usiwauze kwa ekari moja. Na kabla hujapakia kitanda kwa lori, enda kwa zahanati ya huko uulize kama dawa zako za presha huwa ziko, na zikiisha watu huzifuata wapi.