Kabla hujaongeza kitu kwenye saruji ya mfupa

Ninyi mnaoanza maabara mwaka huu, najua mmekuja na wazo la kuchanganya nyuzi au chembe ndogondogo ili saruji hii inayoshikilia kiungo bandia kwenye mfupa iwe imara. Nami nilikuja nalo. Vijiti vyangu vya kwanza 12 vya majaribio, vile "vilivyoboreshwa", vilikatika mapema kuliko vya kawaida. Nilipotazama pale palipokatikia kwa kioo cha kukuzia, nikakuta vitundu kama vya mkate wa kumimina. Sikuwa nimeongeza nguvu, nilikuwa nimekoroga hewa.

Saruji hii si ndugu wa ile ya mifuko ya kilo 50. Ni akriliki, aina ya plastiki: kwa kawaida unga gramu 40 na majimaji mililita 20. Wala si gundi. Hushika kwa kujipenyeza kwenye matundu ya mfupa, kama daktari mpasuaji John Charnley alivyoitumia kwenye nyonga bandia huko Uingereza tangu 1958. Basi usiongeze majimaji ili ikorogeke vizuri. Utapata uji laini na saruji dhaifu.

Jambo lililonichelewesha zaidi ni kupenda namba ya mgandamizo, yaani nguvu ambayo saruji huhimili ikikandamizwa. Kiwango cha kimataifa cha saruji hii, ISO 5833, kinataka angalau megapaskali 70 (kipimo cha nguvu kwa eneo), na silinda zangu za majaribio zilivuka bila shida, kwa sababu ukikandamiza, kitundu hujifumba. Ukipinda, kitundu hufunguka na ufa huanzia hapo hapo. Ndiyo maana kwenye kupinda kiwango ni 50 tu, na bado nilifeli. Mgonjwa naye hakandamizi saruji mara moja, anatembea juu yake miaka. Pimeni kupinda, na mkipata mashine, pimeni uchovu pia, yaani jinsi inavyostahimili mzigo unaorudiwa mara nyingi.

Koroga ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, kama chombo kipo. Kama hakipo, koroga taratibu, usipige kama mayai. Chumba cha nyuzi 30 kitakugandishia mkononi kabla hujajaza kalibu, kwa hiyo andika joto la chumba kila siku. Ukichanganya antibiotiki kwenye saruji, iwe ya unga, ya maji huidhoofisha sana. Na glavu za mpira wa kawaida haziyazuii majimaji yale, hupenya.

Vijiti vilivyokatika msivitupe. Viandikeni namba, muweke kwenye bahasha. Vya kwangu 12 bado ninavyo, na msimamizi akiuliza kwa nini namba imeshuka, huwa namwonyesha kitundu kwanza.