Barua kwa mwanangu: lile jengo la Kiponda

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata na picha alizokutumia dalali nimeziona zote. Unaniuliza kama ununue lile jengo la ghorofa mbili la Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, lenye nyumba sita ndani, uwatoe wapangaji ulifanye vyumba vya watalii, au pesa zako ukanunulie kiwanja shamba, nje ya mji. Sikutaka kukujibu kwa haraka, maana najua ulivyozichuma pesa hizo huko Maskati.

Linunue likiwa na watu wake. Ukiona hesabu haziendi ila kwa kuwatoa, liache, ukatafute kiwanja.

Nimekwenda kuliona mwenyewe, na fundi wa chokaa nikamchukua. Dalali alitaka tuanze na roshani na mlango wa kuchonga. Fundi akapita moja kwa moja mpaka ndani, akatoa msumari mrefu, akawa anauchoma kwenye ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Ghorofa ya kwanza msumari ulikataa. Ghorofa ya juu, upande wa uani, uliingia wote kama muhogo uliochemshwa. Tukapanda juu ya paa: mfereji umeziba kwa majani na vumbi, mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda ila ukutani. Boriti ya mkoko ikikaa kavu inaishi miaka mingi sana. Inayoiua ni ile ncha iliyofichwa, ikinywa maji kila masika bila mtu kuiona. Hilo linatengenezeka. Boriti zinabadilishwa moja moja, na mfereji unazibuliwa kwa siku moja.

Sasa fikiria hivyo vyumba vya wageni. Kila mgeni anataka choo chake na bafu lake, kwa hiyo mabomba yatapita katika kuta za mawe na chokaa, na sakafu zilizojengwa zikae kavu zitakuwa zinalowa asubuhi na jioni. Juu utaweka tangi. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na tani hizo zinabebwa na boriti zile zile. Halafu mafundi wa haraka watakupigia plasta ya saruji ipendeze kwenye picha. Ukuta wa chokaa unatoa unyevu wake wenyewe. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani na plasta inabanduka na chumvi yake. Unakumbuka lile jumba kongwe la Beit al Ajaib hapa mjini, Disemba 25, 2020? Upande mzima ulianguka, watu wawili wakafa, na lilikuwa jengo la Serikali, mafundi wamo ndani wanalitengeneza. Isitoshe, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe huna ruhusa ya kuvunja ukuta wala kutoboa dirisha.

Na hao watu. Chini yupo bibi wa Kingazija, anapika mikate ya ufuta. Mlango wa pili Mpemba mwenye duka la nguo Darajani. Ghorofa ya kwanza ni familia ya Kihindi na mwalimu wa skuli kutoka Bara. Juu wanakaa vijana wawili wa bandarini, na nyumba moja haina mtu. Jioni unasikia kengele ya hekalu la Hurumzi, na adhana za misikiti zinapokezana, na katika jengo hilo hakuna anayeona ajabu. Nilimuuliza yule bibi ngazi inafagiwa na nani. Akanambia wana zamu, na mwalimu ndiye anayeandika majina. Jengo hilo limesimama mpaka leo kwa sababu yupo mtu kila usiku wa kuona dari likivuja. Mgeni wa siku tatu hataliona. Na yule bibi ukimtoa, kwa kodi anayolipa hapati tena chumba mjini. Atapelekwa mbali na wateja wake wa mikate. Sitaki dua yake mbaya ikufuate, mwanangu.

Kodi zao ni ndogo, ni kweli, na hawana mikataba. Kaa nao, muandikiane, kodi ipande kidogo kidogo baada ya paa kutengenezwa, wala si kabla. Ile nyumba tupu ya juu ifanye yako ukija.

Karatasi ndizo zilizonitia wasiwasi zaidi. Wenye jengo ni warithi, na dalali anazungumza na mmoja tu. Nataka kuona mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi na sahihi za warithi wote, dada zao wa Mombasa wakiwemo. Halafu uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama jengo si wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Mjini humo nyumba nyingi ni za wakfu, na wakfu hauuzwi. Ardhi yetu ni ya umma, unachonunua ni haki ya matumizi, na kwa sheria ya 1992 haki hiyo ni ya Mzanzibari. Kwa hiyo yule rafiki yako raia wa nje anayetaka kutia nusu ya pesa, usimfiche nyuma ya jina lako. Uhaulishaji, yaani kuihamishia haki hiyo kwako, upite kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, usajiliwe. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, pekee haitoshi.

Fundi ataniletea hesabu ya boriti na chokaa Ijumaa baada ya sala. Usimpe dalali arbuni, yale malipo ya kushikia, mpaka uione, hata akikwambia yupo mnunuzi mwengine mlangoni.

Mama yako