Gari la namba za Ujerumani, mwenyewe kahamia Uingereza

SWALI: Nimehama Hamburg kuja Leicester kikazi, nikaja na Golf yangu ya 2012, usukani kushoto, namba bado za Ujerumani. Bima ya kule nimelipia hadi Desemba. Nikitaka kukata ya hapa mtandaoni, namba yangu inakataliwa. Niendelee na ile ya Ujerumani mpaka iishe?
Msomaji, Leicester

JIBU: Hapana, usingoje Desemba. Ile miezi 6 ya kutembelea namba za nje ni ya mgeni. Wewe ni mkazi sasa, na gari la mkazi husajiliwa na kulipiwa kodi hapa. Na kampuni ya Ujerumani ilikukatia bima ukiwa unaishi Hamburg. Umehama bila kuwaarifu, basi siku ya ajali wana sababu ya kugoma kulipa.

Mtandao unakukataa kwa sababu unatafuta namba za Kiingereza tu. Tafadhali usiweke namba ya gari jingine linalofanana na lako ili fomu ipite. Bima hiyo inaweza kufutwa siku unayoihitaji. Piga simu kwa wakala wa bima anayeshughulika na magari yaliyoagizwa nje, umwambie akate kwa namba ya chesisi, ile ya tarakimu na herufi 17. Mtajie usukani kushoto na kwamba gari limetoka nje, hata asipouliza. Muulize pia anakupa siku ngapi za kuleta namba mpya. Kampuni yako ya zamani ikupe barua ya Kiingereza yenye tarehe, ikionyesha miaka uliyoendesha bila madai. Wapo wasioikubali, lakini anayeikubali atakupunguzia bei.

Sasa usajili. Ingizo la gari huarifiwa HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, kwenye mfumo wake wa NOVA wa magari yanayoingia, ndani ya siku 14 tangu lifike. Kama zimepita, fanya leo. Kwa kuwa gari limevuka miaka 10, halihitaji kibali cha aina ya gari, yaani uthibitisho kuwa linafikia viwango vya hapa, ila MOT, ukaguzi wa usalama wa gari, ni lazima. Hapo magari ya usukani kushoto hukwama kwenye taa: za mbele zinamulika kulia badala ya kushoto, na taa ya ukungu ya nyuma iko kushoto, wakati hapa hutakiwa kulia au katikati. Rekebisha kwanza. Kisha peleka DVLA, ofisi ya usajili wa magari, fomu V55/5 ya usajili, ada ya pauni 55, kodi ya gari, na kadi halisi ya gari, sehemu zote mbili. Baki na nakala.

Kabla ya usajili kukamilika, safari halali barabarani ni ya kwenda kwenye kipimo cha MOT ulichoweka miadi, tena ukiwa na bima. Bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari.

Usilifute gari Ujerumani kabla bima ya hapa haijaanza, maana kulifuta kunaua na bima yake. Namba mpya ikitoka, mpigie wakala siku hiyohiyo aiingize. Kamera za polisi husoma namba, si chesisi.