Mafao ya masomo na kugombea udiwani baada ya kutoka jeshini Marekani

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mdogo wako, aliyetumikia Jeshi la Marekani miaka minne na kuondoka kwa heshima mwaka 2016, amekwisha poteza mafao ya masomo, na kama anaweza kugombea udiwani huku akisoma.

Hajachelewa. Sheria ya Post-9/11 GI Bill, iliyoanza kutumika Agosti 2009, humpa aliyetimiza miezi 36 ya utumishi kamili haki ya kulipiwa miezi 36 ya masomo: ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha wakazi wa jimbo, posho ya nyumba na fedha za vitabu. Ukomo wa miaka 15 wa kuyatumia mafao haya baada ya kutoka jeshini uliondolewa mwaka 2017 kwa waliotoka jeshini kuanzia Januari 1, 2013, naye yumo. Ila akisoma kwa intaneti pekee, posho ya nyumba hupungua sana (wengi hushtukia hili muhula ukiwa umeshaanza), hivyo ni heri achukue walau somo moja la darasani.

Kuhusu udiwani, marufuku ya kugombea kwa tiketi ya chama huwabana askari walio kazini, si waliokwisha kutoka. Tena miji mingi ya huko huchagua madiwani bila vyama. Kitakachomtaabisha, kwa maoni yangu, ni ratiba, kwa kuwa vikao vya baraza mara nyingi hufanyika jioni, saa zilezile za madarasa ya watu wazima.