Ekari 40 za msitu Maine: jibu langu kwa ndugu wa Mufindi

Kamwene wote. Mjomba na wazee wengine, shikamooni.

Tangazo mlilonitumia nimelisoma lote, pamoja na zile picha. Ekari 40 jimbo la Maine huku Marekani, kulungu wapo, kijito cha samaki kinapita ndani, mbao za kutosha, bei dola 59,000, kulipa kidogo kidogo kunaruhusiwa. Swali la mjomba ni hili: tukichanga watu sita, mimi nikiwa mwenyeji wa huku, kwa nini tusinunue, tuvune mbao, halafu tuuze ardhi ikishapanda bei? Na shemeji ameongeza lake: mbona wewe uko huko miaka yote hiyo na eneo huna?

La shemeji ni fupi. Sina eneo kwa sababu nina mkopo wa nyumba, watoto wawili, na gari linaloliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kila theluji ikianguka. Ile picha niliyosimama mbele ya kibanda cha magogo nimevaa koti la rangi ya chungwa ilipigwa kwa mzee mmoja ninayefanya naye kazi kiwandani. Msitu ni wake, kibanda ni chake, na hata lile koti ni lake.

La mjomba jibu lake ni hapana. Lakini najua hapana tupu haitamtosha, kwa hiyo naeleza.

Ninyi wa Mufindi, Tanzania, mmekulia kwenye mbao, tuanzie huko. Kwetu mtu akisema ana shamba la miti, hesabu ameshapiga: paini alipanda mwaka fulani, mvua ya Mufindi haina shida, akivumilia miaka 15 au 18 anavuna, na aliyebanwa na ada za shule anakata hata ya miaka 8. Dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, inasogezwa shambani, mbao zinapangwa, Fuso inakuja. Miti ya huku haikupandwa na mtu. Imeota yenyewe kwa kuchanganyika, paini na maple na mingine ambayo haina kazi, na baridi inailaza karibu nusu ya kila mwaka.

Yule mzee aliwahi kumwita bwana misitu mwenye leseni akague eneo lake, nami nikafuatana nao. Jamaa alikuja na kekee ya mkono yenye tundu katikati. Akaisokota kwenye shina la paini nyeupe ambayo ukiikumbatia mikono haikutani, akachomoa kijiti chembamba kuliko penseli, kina mistari mistari. Akakilaza kiganjani, akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kisu. Miaka 81. Mti huo ulikuwa umeshaota wakati sehemu kubwa ya Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la serikali huko kwetu, bado ni nyasi. Pembeni yake palikuwa na mti mwingine, unene wake haufiki paja langu. Ule nao alikuta umepita miaka 40. Ulikuwa kivulini, unasubiri wakubwa waanguke. Bwana misitu akamwambia mzee: huu usiukate, ndio wa wajukuu zako. Mzee akatikisa kichwa kukubali kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa kusubiri hivyo.

Sasa bei. Huku mwenye msitu hapasui mbao mwenyewe. Anauza mti ukiwa umesimama, kampuni ya kukata inaingia na mitambo yake, na anayepata hela ndogo kuliko wote ni mwenye ardhi. Paini nzuri iliyonyooka ina soko. Ila msitu wa kawaida sehemu kubwa ni miti iliyopinda au myembamba, ambayo zamani ilikwenda viwanda vya karatasi. Viwanda hivyo vimekuwa vikifungwa kimoja kimoja: Millinocket 2008, Bucksport 2014, Jay 2023. Kiwanda kikifungwa, wakataji wanatafuta cha mbali zaidi, na gharama ya lori inameza kilichobaki. Kwa hiyo tangazo likisema mbao zipo, swali ni nani atakayezinunua, na yuko umbali gani.

Na hapo nimechukulia kwamba miti bado ipo. Tulipotoka pale mzee alinipitisha kwenye eneo jingine lililokuwa linauzwa barabara hiyohiyo. Ukiwa ndani ya gari unaona msitu mnene. Ukitembea hatua kama 50 kuingia ndani, msitu umekwisha. Mbele yako ni visiki, matawi makavu yaliyorundikwa, miiba ya matunda mwitu inayokufika kifuani, na mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya mitambo, imejaa maji na vyura. Mwenye eneo alivuna kila chenye thamani, akaacha ukuta wa miti kando ya barabara, ndipo akampigia dalali. Maine wana sheria inayokataza kununua msitu, kuukata wote bila mpango na kuuza ardhi ndani ya miaka 5, kwa sababu mchezo huo ulizidi. Haizuii kila kitu. Ziangalieni tena picha za tangazo lenu: zote zimepigwa barabarani au kijitoni. Hakuna hata moja ya katikati.

Kodi nayo ipo, kila mwaka, uwe umevuna au hujavuna. Kuna mpango wa tangu 1972 unaowapunguzia wenye misitu kodi, kuanzia ekari 10, kwa sharti uwe na mpango wa usimamizi ulioandikwa na mtaalamu mwenye leseni. Ni mpango mzuri. Ila eneo likishaingizwa humo halafu ukalitoa, labda kwa sababu unataka kujenga, unalipa faini ya maana. Mnunuzi mpya anarithi mpango pamoja na masharti yake. Na usipolipa kodi, mji unaandikisha dai juu ya ardhi yako. Miezi 18 ikipita hujalipa, ardhi imeondoka mikononi mwako. Hakuna cha kumfuata mwenyekiti wa kijiji mkaongea.

Halafu njia. Maeneo mengi ya bei nafuu yako nyuma ya ardhi ya mtu mwingine. Muulizeni dalali: haki ya kupita imeandikwa kwenye hati, au jirani anawaruhusu tu kwa roho nzuri? Jirani akifa, watoto wake hawawajui. Na mipaka: hati za zamani za huku zinataja ukuta wa mawe, kijito, mti fulani, kisha zinamaliza kwa kusema ekari 40 "zaidi au pungufu". Ile ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 ina uhakika zaidi. Mpima akija, gharama yake ni ya kwenu wanunuzi. Kujenga kibanda kunahitaji kibali. Choo nacho kina kibali chake, hata kiwe cha shimo.

Uwindaji ndio uliowapa hamu vijana, nimeona. Wanyama si mali ya mwenye ardhi, ni wa umma, na jimbo ndilo linalowasimamia, kama kwetu walivyo wa serikali. Kulungu anaweza kulala mlangoni pako na usimguse mpaka msimu ufunguliwe na leseni iwe mfukoni. Na kabla ya leseni ya kwanza kuna kozi ya usalama. Msimu wa bunduki kwa kulungu kimsingi ni Novemba. Jumapili hairuhusiwi kuwinda kabisa. Watu walikwenda mahakamani wakidai katiba ya jimbo inawapa haki ya chakula, na mwaka 2024 mahakama ya juu ya Maine ikasema katazo linabaki. Kwa musi, yule mnyama mkubwa anayemzidi farasi kimo, kibali kinatolewa kwa bahati nasibu. Wapo wanaoomba miaka na miaka bila jina kutoka. Bunduki mwenye makazi ya kudumu anaweza kumiliki, aliyekuja kwa viza ya muda amebanwa na masharti mengi.

Nyama huwezi kuuza. Hapa ndipo mjomba atashangaa. Kwetu siku hizi kuna bucha za nyamapori zenye leseni. Huku ukiua kulungu utakula, utagawa, utajaza friza, lakini kuuza kilo moja ya nyama hiyo ni kosa. Kwa hiyo lile wazo la biashara ya nyama lifuteni.

Kuna desturi yao moja ambayo mimi naipenda. Maine ardhi ya mtu binafsi ambayo haijawekwa alama, watu wanaingia na kuwinda, na si kosa. Usipotaka wageni unabandika mabango au unachora mstari wa rangi ya zambarau kwenye miti. Wenyeji wengi hawabandiki; wanaona anayebandika ni mtu wa mjini aliyekuja juzi. Na ziwa la asili likizidi ekari 10, maji yake ni ya umma, mtu anaweza kukatiza kwa miguu kwenye pori lako kwenda kuvua. Haki hiyo inatokana na amri za wakoloni wa miaka ya 1640. Kwa hiyo ukinunua "ziwa lako" umenunua ufukwe. Kijito cha kwenye tangazo huenda kweli kina trauti, ila kuvua kunahitaji leseni nyingine.

Sasa habari ya mgeni kumiliki. Ndiyo, asiye raia anaweza kununua ardhi Marekani, tofauti na kwetu ambako ardhi yote ni ya umma chini ya Rais na mgeni anapitia mlango wa uwekezaji. Majimbo kadhaa yameweka vizuizi vyake, hasa kwa ardhi ya kilimo. Lakini ninyi mkiwa Mafinga mkawa wamiliki wa ekari 40 za msitu, kuna sheria ya 1978 inayowataka mtoe taarifa kwa wizara ya kilimo ya serikali kuu ndani ya siku 90. Mkikaa kimya, faini inaweza kufika robo ya thamani ya ardhi. Mkija kuuza, kwa kawaida mnunuzi anakata asilimia 15 ya bei na kuipeleka mamlaka ya kodi kwanza, kilichozidi kodi yenu mtakidai baadaye kwa makaratasi. Na kwa aliyeniuliza pembeni: hapana, hati ya ardhi haimpi mtu viza. Wala haiongezi uzito wa ombi la viza.

Mtauliza, basi wenyewe wananunua ya nini? Nami nilijiuliza hivyohivyo. Yule mzee si tajiri, ni fundi mitambo, na eneo lake amelilipia miaka mingi kutoka kwenye mshahara. Kila Novemba anachukua likizo, anakwenda kibandani, anaamka saa kumi alfajiri, anakaa juu ya mti kwenye baridi ya kuuma meno. Miaka mingi anarudi bila kitu. Nilimuuliza kama haoni hasara, akaniuliza hasara ya nini. Wanakwenda kukaa, basi. Wanachonunua ni mahali ambapo simu haishiki. Ukilitazama hivyo bei si mbaya, na siku nilizokaa pale nililala usingizi ambao mjini siupati. Kama starehe ni matumizi halali ya hela. Kama uwekezaji wa watu sita walio upande wa pili wa dunia, sioni faida inatokea wapi.

Hata starehe yenyewe ina mwezi wake. Aprili barabara za udongo zinageuka tope, na malori mazito yanazuiwa. Mei na Juni ni usubi. Huu wa huku hauleti upofu, lakini unaingia masikioni, puani, kwenye mstari wa nywele, na unatoka na damu. Kupe wapo kuanzia theluji ikiyeyuka, na ugonjwa wanaoueneza ukichelewa kutibiwa unaumiza viungo kwa muda mrefu. Novemba kila anayewinda na bunduki lazima avae chungwa, kofia na fulana, na asiyewinda akiwa na akili naye anavaa.

Mimi kuwinda peke yangu siendi. Sijafanyiwa ubaya na mtu, na majirani wa mzee wananijua kwa jina na kunipa kahawa. Lakini mtu mweusi, mgeni, ameshika bunduki katika pori ambalo watu wake wote wanajuana tangu shule ya msingi, hilo sihitaji kulijaribu. Ndugu yeyote akija nitampa ushauri huohuo.

Dola 59,000 ni kama shilingi milioni 150. Mjomba anajua kuliko mimi hela hiyo inanunua nini Mufindi, na miche yake ataiona ikikua kwa macho yake. Kama bado anautaka msitu wa Maine, asimtumie dalali hata senti ya kushikilia nafasi. Anipatie namba ya kiwanja iliyo chini ya tangazo, nitapiga simu ofisi ya mji niulize kodi ya mwaka, jina la mwenye nalo, na kama limo kwenye ule mpango wa 1972. Hati yenyewe ipo kwenye masjala ya kaunti, ni ya wazi kwa kila mtu. Yule mzee naye amesema yuko tayari kwenda kuingia ndani na kupiga picha za katikati, akilipiwa mafuta.

Na aliyeuliza kama kulungu wa huku ana ladha: anayo, hasa mgongoni. Ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, wa kumsindikizia ndio haupatikani.